Timu yangu ilidanganya: je, ubingwa ule bado ni wetu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeishabikia timu moja tangu nikiwa mwanafunzi. Mwaka huu shirikisho limethibitisha kwamba viongozi wa klabu walikuwa wakiwahonga waamuzi katika msimu ambao tulitwaa ubingwa. Wachezaji hawakuhusishwa. Watani hawatupumzishi, kila siku ni "mlibebwa". Naomba unisaidie: ubingwa ule bado una maana, au tuufute vichwani? Nikiendelea kuishabikia timu hii nashiriki uovu wao? Na mwanangu wa miaka 10, ambaye jezi yake ina jina la nahodha, nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na watani wenu, maana hilo ndilo jepesi: wana haki. Kama waamuzi walihongwa, mlibebwa, na utani wa michezo haujawahi kusubiri rufaa. Mtawachosha zaidi mkikubali kuliko mkibisha. Maswali yako mengine hayajibiki kwa mkato, kwa hiyo nivumilie.

Nafundisha historia ya michezo, na katika kesi za udanganyifu nimefikia msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Ukubwa wa kosa hauamui sana timu itakumbukwaje. Kinachoamua ni kama kisa kilifungwa: ukweli wote ukatoka, aliyekosa akalipa yeye mwenyewe, na aliyedhulumiwa akatajwa. Likikosekana moja kati ya hayo, aibu hudumu hata adhabu ikiwa kali, na mara nyingine hudumu kwa sababu adhabu ilikuwa nyepesi.

Tazama Houston Astros, timu ya besiboli ya Marekani. Katika mchezo huo mrushaji na mdakaji hupatana kwa ishara za vidole mpira unaofuata uwe wa aina gani, wa kasi au wa kupinda. Mpigaji akijua mapema, kazi yake inakuwa rahisi mno. Kuzisoma ishara hizo kwa macho ukiwa uwanjani ni ujanja unaokubalika. Kutumia kamera ni marufuku. Mwaka 2017 Astros walitumia kamera ya katikati ya uwanja kumwangalia mdakaji wa wapinzani, wakaweka skrini kwenye ujia ulio nyuma ya benchi lao, na mtu aliyekaa hapo akawa anagonga pipa la taka. Pipa likilia, mpira wa kupinda unakuja. Likinyamaza, wa kasi. Mwaka huohuo wakatwaa ubingwa wa nchi kwa kuwashinda Los Angeles Dodgers katika mchezo wa saba wa fainali.

Siri ilitoka Novemba 2019, pale mrushaji wao wa zamani, Mike Fiers, alipojitokeza kwa jina lake mbele ya waandishi. Januari 2020 ligi ikatoa hukumu: faini ya dola milioni 5, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho kanuni ziliruhusu, kupokwa nafasi za raundi mbili za kwanza za kuchagua chipukizi kwa miaka 2 mfululizo, meneja mkuu Jeff Luhnow na kocha A. J. Hinch kufungiwa mwaka mzima. Mwenye timu akawafukuza wote wawili siku ileile. Kwa haraka haraka unaona ni adhabu nzito. Lakini wachezaji walikuwa wameahidiwa kinga ili waseme ukweli, kwa hiyo hakufungiwa hata mmoja, na ubingwa wa 2017 ukabaki kwenye vitabu kama ulivyokuwa. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, alipoulizwa kwa nini hakuufuta, aliliita kombe hilo kipande cha chuma, kisha akalazimika kuomba radhi. Naye mmiliki Jim Crane akaketi mbele ya waandishi akasema kwamba, kwa maoni yao, jambo lile halikuathiri mchezo.

Nadhani kauli hiyo ya Crane iliigharimu klabu kuliko faini. Shabiki wa timu nyingine aliyasikia maneno hayo hivi: tuliiba, ila wizi haukutuongezea kitu. Sasa mliiba ili iweje? Mashabiki waliporudi viwanjani mwaka 2021, baada ya msimu wa korona uliochezwa bila watazamaji, Astros walizomewa kila walikokwenda, na kuna mahali mapipa ya taka yalirushwa uwanjani. Mwaka 2022 walitwaa ubingwa mwingine, chini ya Dusty Baker, kocha ambaye 2017 hakuwa nao, kikosi kile cha zamani kikiwa kimebakiza watu wachache tu. Zomeazomea haikukoma. Watu hawakuwa wakiwadai taji jingine. Walikuwa wakidai wachezaji waliohusika wasimame mmoja mmoja waseme walifanya nini, na hilo halijafanyika mpaka leo.

Aliyeumia zaidi kwa ukimya huo ni José Altuve, aliyechaguliwa mchezaji bora wa upande wa American League mwaka huohuo wa 2017. Shabiki mmoja wa Astros, ndiyo, wa Astros wenyewe, alikaa na video za mechi 58 za nyumbani za msimu ule, akasikiliza mirusho zaidi ya 8,200, akahesabu milio ya pipa zaidi ya 1,100 na kuandika ni nani alikuwa zamu ya kupiga. Kwa Altuve pipa lililia mara chache sana kuliko kwa wenzake wengi. Lakini anazomewa yeye kuliko wote, kwa sababu ripoti ya ligi ilimtaja mchezaji mmoja tu kwa jina, Carlos Beltrán, ambaye alikuwa ameshastaafu. Majina yasipotajwa, kila mtu hujaza analolijua, na linalojulikana ni la nyota. Kumbuka hilo nitakapofika kwa nahodha wenu. Na umkumbuke pia yule shabiki, kwa kuwa alifanya jambo ambalo ni wachache wanaolithubutu: aliipenda timu yake kiasi cha kutaka kujua.

Sasa uende Ufaransa. Mei 20, 1993 Olympique de Marseille walicheza mechi ya ligi na Valenciennes, siku 6 kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya AC Milan. Watu wa Marseille waliwafuata wachezaji watatu wa Valenciennes kwa pesa ili walegeze mchezo na wasimjeruhi mtu. Beki Jacques Glassmann alikataa, akamweleza kocha wake. Marseille wakashinda 1-0. Tarehe 26, mjini Munich, wakaifunga Milan 1-0 kwa kichwa cha Basile Boli, wakawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kulitwaa kombe hilo. Baadaye polisi walifukua bahasha yenye faranga 250,000 katika bustani ya jamaa wa mmoja wa wachezaji wa Valenciennes. Ubingwa wa ligi ukafutwa na hakupewa mtu mwingine, Marseille wakazuiwa kulitetea kombe la Ulaya, mwaka 1994 wakashushwa daraja, na rais wao Bernard Tapie akaishia jela. Kombe la Ulaya lenyewe halikuguswa, kwani mechi iliyonunuliwa ilikuwa ya ligi.

Ukienda Marseille leo, kinachokumbukwa ni Munich. Mashabiki hujiita wa kwanza milele, na hata Paris Saint-Germain walipolitwaa kombe hilo Mei 2025, tena katika mji uleule wa Munich, wa kwanza waliendelea kuwa wa kwanza. Tapie alipofariki Oktoba 2021, jeneza lake liliwekwa katika uwanja wa Vélodrome na watu wakaja kumuaga kama baba wa mji. Nje ya mji ule, msimu wa 1993 hautajwi bila bahasha kutajwa. Kila upande una historia yake na zote mbili ni za kweli. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba kashfa "imeharibu urithi wa klabu", kama vile urithi ni kitu kimoja kilichofungiwa kabatini. Kuna ule wa nyumbani na kuna ule wa duniani, na havitunzwi na watu walewale.

Ila kuna jambo ambalo mashabiki siwasamehi. Glassmann, mtu pekee aliyetoka katika kisa kile akiwa msafi, alizomewa viwanjani. FIFA ilimpa tuzo ya uungwana mwaka 1995. Waliomzomea walimwona kama ndiye aliyewaharibia, na aliyetuma bahasha wakamwaga kwa machozi.

Kwa nini watu wazima wenye akili zao hufanya hivyo? Mwaka 1954 wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril walichapisha utafiti juu ya mechi moja ya mpira wa Kimarekani iliyochezwa kwa ukali mwingi mwaka 1951 kati ya vyuo vya Princeton na Dartmouth. Wanafunzi wa pande zote walionyeshwa filamu ileile na kuambiwa wahesabu makosa. Wale wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale ambayo Dartmouth wenyewe waliyaona. Hawakuwa wakisema uongo, ndivyo walivyoona. Kisha mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake wakaonyesha kwamba timu ya chuo ikishinda, wanafunzi wengi zaidi huvaa nguo zenye nembo ya chuo, na husema "tulishinda". Ikifungwa, "walifungwa".

Usikasirike, lakini isome tena barua yako. Umeandika kwamba tulitwaa ubingwa. Ulipofika kwenye hongo, ukaandika uovu wao. Sote tuko hivyo, nami nikizungumzia timu yangu. Ndiyo namna shabiki anavyojikinga: furaha huifanya yake, aibu huwarudishia viongozi. Kinga hiyo si mbaya siku za mwanzo. Inakuwa mbaya pale inapokusukuma kumtafuta wa kumlaumu, na aliyefichua ndiye huwa karibu zaidi.

Adhabu yenyewe ina kazi gani basi? Nilinganishe kesi mbili.

Melbourne Storm wanacheza raga ya watu 13 nchini Australia. Aprili 2010 iligundulika kwamba klabu ilikuwa na mikataba ya kuionyesha ligi na mingine ya pembeni, ili iwalipe nyota wake kupita kikomo cha mishahara. Ilipokwa ubingwa wa 2007 na 2009, ikatozwa faini ya zaidi ya dola milioni 1.6 za Australia, ikafutiwa pointi ilizokuwa nazo, na kuambiwa kwamba mpaka msimu uishe haitapata pointi hata moja. Hebu fikiri: timu inaingia uwanjani wiki baada ya wiki, inashinda mechi, na kwenye msimamo bado ina sifuri. Ilimaliza mkiani. Baadhi ya nyota iliwabidi waondoke ili bajeti irudi kwenye mstari. Mwaka 2012 Storm wakachukua ubingwa, kisha 2017 na 2020, na hayo hakuna anayeyaita ya wizi. Mashabiki wao wapo ambao bado huyahesabu yale mawili yaliyofutwa, lakini huko ni kubishana tu. Heshima ya klabu ilirudi. Walipokwa hadharani, wakacheza hadharani bila kitu, wakaanza upya.

Juventus waliadhibiwa kwa ukali usiopungua huo, na kidonda chao hakijafunga. Mwaka 2006 simu zilizorekodiwa zilionyesha jinsi kigogo wao, Luciano Moggi, alivyokuwa akizungumza na wapanga waamuzi kuhusu nani achezeshe mechi gani. Ubingwa wa 2005 ukafutwa, ule wa 2006 wakapewa Inter, na Juventus wakashushwa daraja wakianza na pointi 30 pungufu, zilizopunguzwa kwa rufaa hadi 17, kisha 9. Cannavaro, Ibrahimović, Vieira, Thuram na Zambrotta waliondoka. Buffon, Del Piero, Nedvěd, Trezeguet na Camoranesi walibaki na kucheza daraja la pili, na kwa hilo mashabiki hawatawasahau. Timu ikapanda baada ya msimu mmoja. Ilipotwaa ubingwa wa 2012, hesabu rasmi ilikuwa mara 28; jezi ya msimu uliofuata iliandikwa kwamba uwanjani ni mara 30.

Kwa nini hawakubali? Kiburi kipo, lakini si hicho tu. Julai 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho la Italia, Stefano Palazzi, aliandika kwamba Inter nao walikuwa na makosa katika kipindi kile, ila muda wa kuwashtaki ulikuwa umepita. Yaani waliopewa taji la 2006 walikuwa na lao, na lao halikusikilizwa. Shabiki wa Juventus akishalisoma hilo, hatubu tena. Anajiona ameonewa, na mtu anayejiona ameonewa hana muda wa kufikiri alichokosa. (Na AC Milan? Walikuwa ndani ya kashfa ileile, wakaanza msimu wa 2006-07 na pointi 8 pungufu, na Mei 2007 wakawa mabingwa wa Ulaya. Ni nani anayewatajia hilo? Kashfa humganda aliyekuwa uso wake.)

Pengine utaniuliza: mbona Maradona hakuharibikiwa? Juni 22, 1986 aliifunga Uingereza kwa mkono, na Argentina inausherehekea mkono ule hadi leo. Kosa la mtu mmoja, katika sekunde moja, mbele ya mwamuzi na dunia nzima, watu hulihesabu kuwa sehemu ya mchezo, hata kama waliofungwa hawalihesabu hivyo. Hongo hupangwa ofisini wiki kadhaa kabla, na wanaocheza hawajui kwamba mchezo umeshaisha. Usikubali mtu akufarijie kwa mfano wa Maradona.

Kuna upande ambao mijadala ya mashabiki hupita bila kuusimamia: waliofungwa. Agosti 2017 mrushaji wa Toronto Blue Jays, Mike Bolsinger, aliingia katika uwanja wa Astros na kupigwa vibaya, pipa likilia kwa wingi usiku ule. Akatolewa, na hakurusha tena mpira katika ligi kuu. Aliifungulia Astros kesi mahakamani. Huenda kiwango chake kilikuwa kimeshafika mwisho, huenda hapana, na hilo la kutojua ndilo hasa alilofanyiwa. Au chukua mbio za kupokezana vijiti za mita 100 kwa wanne, Beijing 2008. Jamaika walishinda, Januari 2017 wakapokwa dhahabu kwa sababu sampuli ya Nesta Carter ilipopimwa upya ilikutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Dunia ilimlilia Usain Bolt, aliyebaki na dhahabu 8 badala ya 9 kwa kosa ambalo halikuwa lake. Ni wachache waliouliza kuhusu vijana wa Trinidad na Tobago, ambao kwa zaidi ya miaka 8 waliitwa wa pili wakati walikuwa wa kwanza. Medali unaweza kuirudisha. Wimbo wa taifa kwenye uwanja uliojaa huwezi.

Na kisa kinachonikera kuliko vyote: michezo ya Paralimpiki ya Sydney 2000, mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili. Hispania ilichukua dhahabu, kisha ikafahamika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Waliolipa ni akina nani? Wanamichezo wenye ulemavu wa akili duniani kote, ambao waliondolewa katika Paralimpiki na hawakurudi hadi London 2012. Waliodanganya ni wengine, waliofungiwa mlango ni wengine.

Turudi kwenu. Ubingwa ule una mambo mawili ndani yake, nawe unayashika kana kwamba ni moja. Kuna siku yenyewe: mliimba, mlikumbatiana na watu msiowajua. Ilitokea, na hakuna shirikisho lenye uwezo wa kuifuta. Baki nayo, wala usijilazimishe kuichukia. Kisha kuna dai kwamba msimu ule mlikuwa bora kuliko wengine. Hilo hamna tena, na sioni njia ya kulirudisha. Mashabiki wa kila timu iliyokamatwa huwa na hoja moja: hata bila hongo tungeshinda. Inawezekana kabisa! Juventus ya 2006 ilikuwa na wachezaji waliokwenda kushinda Kombe la Dunia kiangazi kilekile. Lakini hakuna atakayejua, na aliyelifanya lisijulikane ni klabu yenu. Kikosi chenu nacho kimedhulumiwa na waajiri wake: wachezaji walikimbia, wakaumia, wakashinda, na leo hawawezi kuthibitisha kwamba walishinda.

Kwa sababu hiyo nawashauri msipigane ubingwa usifutwe. Najua ni ushauri mchungu. Astros walibaki na kombe, na limewafuata kama ushahidi kila uwanja wanaoingia. Storm waliachia mawili wakawa huru.

Kuishabikia timu si kushiriki uovu. Hukutuma hongo na hukunufaika nayo isipokuwa kwa furaha uliyodhani ni halali. Ushiriki huanza baadaye, na huanza na vitu vidogo: kumsema vibaya aliyefichua, kuimba jina la rais aliyehonga kwa sababu "alitupa makombe", kumpigia kura msaidizi wake kwenye uchaguzi wa klabu, au kusema kila timu hufanya, sisi tumekamatwa tu. Hiyo ya mwisho naijua vizuri, maana nimeisikia kutoka kwa mashabiki wa kila klabu niliyoitaja hapa. Unayeisema unawaambia viongozi wajao kwamba kosa lilikuwa kukamatwa.

Sasa mwanao. Nahodha hakukutwa na hatia, kwa hiyo jezi aendelee kuivaa. Mweleze kwa maneno mafupi: viongozi waliwalipa waamuzi, hilo ni kudanganya, nahodha hakuhusika, na timu inaadhibiwa. Usimwambie atayaelewa akikua. Mtoto wa miaka 10 anaelewa udanganyifu kuliko sisi. Nusu ya michezo yao ni kubishana nani kavunja sheria. Atakachotaka kujua ni kama wewe umekasirika, na kama anaruhusiwa kuendelea kuipenda timu. Mjibu ndiyo kwa yote mawili.

Siku moja huenda akauliza kuhusu mchezaji aliyekosa kweli. Mpe habari za Steve Smith. Machi 2018, Cape Town, wachezaji wa kriketi wa Australia walinaswa wakikwangua mpira kwa msasa ili upinde isivyo kawaida. Smith, aliyekuwa nahodha, na makamu wake David Warner walifungiwa miezi 12, na Cameron Bancroft, aliyekuwa na msasa mfukoni, miezi 9. Mdhamini mkuu wa mechi zao za nyumbani akavunja mkataba. Smith alilia mbele ya kamera, akamaliza adhabu, na mwaka 2019 akarudi kucheza Uingereza, ambako watazamaji walimzomea na kumpungia vipande vya msasa. Akafunga mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 774 katika mechi 4. Mfululizo ulipokwisha, wengi wa waliomzomea walisimama kumpigia makofi. Kisa cha msasa kitaandikwa kila atakapoandikwa, na anajua. Lakini alitajwa kwa jina, akalipa mwenyewe, na watu wakaweza kuendelea naye. Ndicho ambacho Altuve hakupewa.

Mwisho, kama klabu yenu ina mkutano wa wanachama, nenda na maswali yaliyoandikwa. Pesa za hongo zilitoka akaunti gani, na nani aliidhinisha? Ni mechi zipi hasa? Msikubali "baadhi ya mechi". Ziorodheshwe, ili na zile safi zijulikane. Timu zilizofungwa katika mechi hizo zimeandikiwa barua ya kuombwa radhi? Aliyetoa taarifa bado ana kazi yake? Na kombe lililo kabatini litaandikwa nini chini yake? Wakikujibu, utakuwa na timu. Wakikuambia suala hilo limekwisha na tuangalie mbele, endelea kutazama mechi ukitaka, lakini tiketi ya msimu usinunue mpaka wajibu.